Kuendesha mashine ya kusaga kwa mafuta ya chipsi

Mafuta yaliyokwisha kukaangia chipsi yanaendesha mashine ya kusaga. Nasema hivyo kwa sababu huu ni msimu wa tatu nasagia nayo hapa Iringa, na kwa sababu kabla ya hapo niliua nozeli mbili na seti nzima ya ringi za pistoni kwa haraka yangu. Nilisikia tu kwamba injini ya dizeli inakubali mafuta ya kula. Nikayachuja kwa chujio la chai, nikamimina tangini, nikapiga hendeli. Ikawaka. Ikasaga vizuri wiki nne. Wiki ya tano ikaanza kutoa moshi mweupe asubuhi na kukosa nguvu kwenye debe la pili, na fundi alipofungua silinda hedi tukakuta ringi zimegandana na pistoni kwa masizi magumu kama lami. Naandika ili mwenye mashine mwingine asipite njia ile.

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1900, kwenye Maonyesho ya Paris, kampuni ya Otto ilionyesha injini ndogo ya dizeli ikinywa mafuta ya karanga. Rudolf Diesel mwenyewe aliandika mwaka 1912 kwamba serikali ya Ufaransa ndiyo iliyoomba jaribio hilo, ikizifikiria karanga zinazostawi Afrika. Tangu wakati huo pampu na nozeli zimeundwa kwa ajili ya dizeli, ambayo ni nyepesi. Kwenye joto la nyuzi 40, mafuta ya mimea ni mazito karibu mara kumi kuliko dizeli. Nozeli iliyozoea kupuliza ukungu hutema matone, matone hayaungui yote, na yasiyoungua ndiyo yanayogeuka masizi kwenye ringi. Karibu kazi yote iliyo hapa chini ni ya kuyafanya mafuta yawe ya moto, makavu na safi kabla hayajafika kwenye pampu.

Nikisema "mafuta" hapa nina maana ya yale ya mimea. Ya kulainisha injini nitayaita oili.

Usimimine chakula tangini

Mafuta mapya ya alizeti ni mboga ya mtu. Tanzania bado inaagiza sehemu kubwa ya mafuta ya kula kutoka nje, na mara nyingi lita ya alizeti inauzwa ghali kuliko lita ya dizeli, kwa hiyo hata hesabu inakukatalia. Kinachofaa ni mafuta yaliyokaangia mpaka yakachoka. Yakikusanywa na mwenye mashine, angalau hayarudi kikaangoni kwa mtu mwingine.

Mbono nao unafaa kwa sababu hauliwi, una sumu. Ila unahitaji kilo 4 hadi 5 za mbegu kupata lita 1 kwa mashine ndogo ya kukamulia, na mbegu zenyewe zinachumwa kwa mkono, tunda kwa tunda. Kama una ua wa mbono na vijana wa kuchuma, sawa. Nyonyo usijaribu kabisa. Mafuta yake ni mazito mno hata yakipashwa.

Hatua ya kwanza: ijue injini yako

Hapa ndipo wengi wanapoumia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Injini inayofaa ni ya zamani, ya mwendo wa polepole, yenye pampu ya kawaida ya plunja (kipande cha chuma kinachosukuma mafuta kuelekea nozeli) na maji ya kupoza. Lister na ndugu zake za Kihindi, zile zenye gurudumu kubwa na pipa la maji pembeni, zinafaa. Za Kichina zenye silinda moja zinafaa pia, lakini zinatofautiana. S195 moto wake unaanzia kwenye chemba ndogo kabla haujaingia silinda, na chemba hiyo huwa ya moto sana, kwa hiyo inavumilia mafuta mazito. ZS1115 inapuliza moja kwa moja juu ya pistoni. Hiyo inataka mafuta ya moto zaidi na uangalizi zaidi, maana ringi zake zinashika masizi mapema.

Zisizofaa: injini yoyote ya kisasa inayoongozwa na kompyuta, kama zile za D-4D kwenye magari ya Toyota. Presha yake ni kubwa mno na nozeli zake ni ghali; usizijaribu hata kwa chupa moja. Pia pampu ya mviringo ya CAV, iliyo kwenye matrekta mengi ya Massey Ferguson ya zamani. Pampu hiyo inalainishwa na mafuta yale yale inayoyasukuma, na ikipata mafuta mazito ya baridi inaweza kukatika shafti. Nimeombwa mara nyingi na wenye matrekta niwafungie mtambo huu, na kila mara nimekataa.

Halafu iangalie hali ya injini yako ilivyo leo. Kama tayari inakula oili, inatoa moshi, au haiwaki mpaka iwekewe moto kwenye hewa, itengeneze kwanza. Mafuta ya mimea hayajawahi kuponya injini mbovu. Nozeli ipimwe kwa mashine ya kupimia, ukungu uwe mzuri na presha iwe ile iliyoandikwa na mtengenezaji.

Hatua ya pili: kupata mafuta

Nenda kwa wakaanga chipsi wenyewe, usipitie dalali. Mimi nachukua kwa dada mmoja anayekaanga karibu na stendi na kwa mama ntilie wawili. Siku ya kwanza dada yule alinitazama akasema, "Kaka, hayo ya chini yana ukoko na chumvi, unayataka ya nini?" Nikamwomba mambo matatu. Ayaache yapoe kabla ya kuyamimina kwenye dumu. Asichanganye na maji ya kuoshea kikaango. Na yaliyokaangia nyama au samaki ayatenge, maana mafuta ya wanyama huganda mapema. Siku hizi ananiwekea dumu la lita 20 lenye mfuniko, chini ya meza, na juu yake amekaza kipande cha chujio la waya ili vipande vya viazi visiingie.

Nusa na utazame kabla ya kulipa. Yakiwa rangi ya chai ya rangi yanafaa. Yakiwa meusi, mazito kama asali na yenye harufu kali ya kuchacha, yaache; yamekuwa na tindikali, yatakula pampu.

Madumu yawe ya plastiki au pipa la chuma lisilopakwa zinki. Shaba na zinki huyaharibu mafuta haraka.

Hatua ya tatu: kutuliza na kukausha

Yaache mafuta yatulie wiki 2 kwenye pipa lenye koki. Koki iwe kama sentimita 15 juu ya kitako, ili maji, chumvi na ukoko vibaki chini. Pipa likikaa juani ni vizuri zaidi. Usiwe na haraka hapa. Kila siku ya kutuliza inakuokolea chujio.

Baada ya hapo yapashe mpaka nyuzi 60 au 70 kwenye nusu pipa juu ya jiko la mkaa, nje ya nyumba, ukiwa umeshika kipimajoto. Yashike kwenye joto hilo kama saa moja, ondoa moto, funika kwa kitambaa ili mvuke utoke, uache mpaka kesho yake. Maji yaliyokuwa yamefichwa ndani ya mafuta hushuka. Chota ya juu polepole, ya chini acha.

Jaribio la maji ni la kikaango. Weka kikaango kikavu motoni mpaka kiwe cha moto sana, dondosha kijiko kimoja cha mafuta. Yakitatarika na kuruka vipovu vidogo, bado yana maji. Rudia kupasha na kutuliza. Yakikaa kimya na kuanza tu kutoa moshi, yamekauka. Mimi hulifanya kila pipa, hata nikiwa na haraka, kwa sababu maji ndiyo yanayotia kutu plunja ya pampu, na plunja haichongwi kijijini.

Hatua ya nne: kuchuja

Chujio la kwanza ni mguu wa suruali ya jinzi. Funga kabisa upande mmoja kwa kamba, ning'iniza juu ya pipa safi, mimina. Chujio la pili ni la mikroni 5 au angalau 10 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), lile la kawaida la kuchuja dizeli, ukiweka pipa juu ili mafuta yashuke yenyewe.

Hapa kuna siri niliyojifunza kwa hasara. Mafuta ya moto hupita kwenye chujio haraka, na mtu unafurahi. Lakini mafuta mengi ya kukaangia chipsi asili yake ni mawese, na mawese yana sehemu inayoganda. Ukichuja yakiwa ya moto, sehemu hiyo inapita pamoja na mafuta, halafu asubuhi ya mwezi wa sita, baridi ya Iringa ikiwa imekaza, unakuta dumu limekuwa kama samli na bomba limeziba. Kwa hiyo mchujo wa mwisho uufanye mafuta yakiwa ya baridi, asubuhi. Unachukua muda, mara nyingine siku nzima kwa lita 40, lakini kinachopita hapo hakitaganda tena kwenye joto hilo. Kinachobaki kwenye jinzi usitupe.

Hatua ya tano: tangi la pili na bomba la kupashia

Injini inabaki na tangi lake la dizeli kama lilivyo. Unaongeza tangi la pili la mafuta na koki ya njia tatu inayochagua injini inywe wapi.

Tangi la mafuta liwe juu kuliko pampu, nusu mita au zaidi, na mpira wa kushushia uwe na tundu la milimita 10 au 12. Mpira mwembamba wa dizeli hautoshi. Mafuta yatashuka kwa kusuasua na injini itakohoa. Tumia mpira unaostahimili mafuta. Mpira wa kawaida huvimba na kulainika ndani ya miezi michache.

Joto tunalipata kwenye maji ya injini. Chukua bomba la chuma la milimita 10, mita 2, lizungushe kama springi, liingize ndani ya maji ya kupozea. Kwenye injini za Kichina linaingia kwenye tenki la maji lililo juu ya injini. Kwenye Lister linaingia kwenye bomba pana unaloliunga pale maji ya moto yanapotokea kichwani. Mafuta yanapita ndani ya springi hiyo yakielekea kwenye pampu. Bomba la shaba linazunguka kirahisi na linapasha vizuri, najua, na mafundi wengi watakupa hilo, lakini nimeshasema shaba inafanya nini kwa mafuta.

Kuna wanaozungushia bomba kwenye ekzosi. Mimi siwashauri. Ekzosi haina kikomo, mafuta yanaweza kuungua ndani ya bomba au bomba kupasuka juu ya chuma chekundu. Maji yana kikomo chake: huku kwetu juu yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, na zaidi ya hapo hayaendi.

Baada ya springi, weka chujio la dizeli, halafu koki, halafu pampu, vyote vikiwa karibu kabisa. Nilipofunga mara ya kwanza niliacha mita moja na nusu kati ya springi na pampu. Mafuta yalitoka ya moto na kufika ya vuguvugu. Injini ndogo inakunywa lita 2 au 3 tu kwa saa, yaani mafuta yanatembea polepole sana bombani, na yanapoa njiani kama chai kwenye sahani. Nilipofupisha bomba likawa urefu wa kiganja, kipimajoto kikapanda mpaka nyuzi 75 penye mlango wa pampu. Lenga hapo, 70 hadi 85.

Bomba la kurudishia kutoka kwenye nozeli usilielekeze kwenye tangi la dizeli, maana utalichafua kidogo kidogo bila kujua. Lielekeze kwenye tangi la mafuta au kwenye chupa. Ukimaliza kuunga, toa upepo kwenye mabomba yote mawili kabla ya kuwasha.

Hatua ya sita: kuwasha, kubadili, kuzima

Washa kwa dizeli, kila siku, bila kubembeleza. Anza kusaga kwa dizeli dakika 10 hadi 15, mpaka maji yaanze kutoa mvuke na kipimajoto cha pampu kipite 70. Ndipo ugeuze koki. Baada ya dakika kadhaa utasikia mlio unakuwa mzito kidogo, na harufu ya chipsi inajaa uani. Watoto huja.

Ikiwa kwenye mafuta, isikae bure. Hili ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Injini isiyo na mzigo haipati joto la kutosha ndani ya silinda, na hapo ndipo masizi yanapojengeka. Kama hopa imekwisha mahindi na hakuna mteja, rudisha koki kwenye dizeli.

Dakika 7 kabla ya kuzima, geuza koki kwenye dizeli ukiwa bado unasaga, ili pampu, bomba na nozeli visafishike. Zima injini ikiwa imejaa dizeli. Ikitokea imezimika ghafla ikiwa kwenye mafuta, labda mkanda umekatika au gunzi limekwama, usiende nyumbani. Geuza koki, legeza nati ya nozeli, toa upepo mpaka itoke dizeli tupu, ingali ya moto. Kesho yake asubuhi hendeli haitazunguka kirahisi ukiacha.

Kwa sababu ya haya yote, mashine inayowashwa na kuzimwa mara kumi kwa siku haina faida ya mafuta. Dizeli ya kuwashia na kuzimia inakula akiba yote. Mimi niliwaeleza wateja wangu kwamba nasaga kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 7 mchana, mfululizo. Wiki mbili walinung'unika, halafu wakazoea, na foleni ikawa ndefu inavyotakiwa.

Matunzo na dalili

Badilisha oili kwa nusu ya muda wa kawaida. Kama ulikuwa unabadilisha kila saa 100, iwe saa 50. Mafuta yasiyoungua huteleza kando ya pistoni mpaka kwenye oili, na yakichanganyika na joto yanaifanya oili nzito, mwishowe kama gundi. Kila asubuhi vuta kijiti cha oili. Kama kiwango kinapanda badala ya kushuka, au oili inavutika kama utomvu kati ya vidole, usiwashe. Imwage, weka mpya, na utafute kinachosababisha: mara nyingi ni mafuta ya baridi au nozeli inayodondosha.

Fungua nozeli kila saa 100 mwanzoni. Ikiwa na ua la masizi kwenye ncha, mafuta yako hayana joto la kutosha au unasaga na mzigo mdogo. Moshi mweupe usioisha ni nozeli. Moshi mweusi na nguvu kupungua, tazama kwanza chujio la hewa, kabla ya kulaumu mafuta.

Weka daftari. Tarehe, saa za kusaga, lita za dizeli, lita za mafuta, siku ya chujio, siku ya oili. Bila daftari huwezi kujua kama unapata au unapoteza.

Hesabu yangu ya siku ya kawaida: saa 4, lita 10 hivi. Kati ya hizo, lita 1 ni dizeli ya kuwashia na kuzimia, 9 ni mafuta. Lita ya mafuta inafanya kazi pungufu kidogo kuliko lita ya dizeli, asilimia 5 hadi 10, kwa hiyo zile 9 zinasimama badala ya 8 na kitu za dizeli. Toa hapo bei ya mafuta, mkaa, machujio na oili ya ziada. Kama unayanunua mafuta machafu kwa zaidi ya nusu ya bei ya dizeli, acha, haikulipi kwa kazi inayodai.

Mambo ya hatari

Mafuta yakishika moto usimwagie maji, yatalipuka usoni kwako. Mchanga au mfuniko. Matambara yaliyolowa mafuta usiyarundike kwenye kona yenye joto. Mafuta ya alizeti hupata joto yenyewe yanapokauka kwenye kitambaa na yanaweza kuwaka bila kiberiti. Yatandaze nje au yaloweke kwenye maji. Mtoto asikaribie pipa linalopashwa.

Mtu atakwambia uyageuze mafuta kuwa biodizeli kwa methanoli na kostiki (kostiki soda, ile ya kutengenezea sabuni). Inawezekana, na hiyo haihitaji tangi la pili. Lakini methanoli inapofusha na kuua, kwa kunywewa na hata kwa mvuke wake, nayo inawaka kwa moto ambao mchana hauonekani. Kijijini, penye watoto na jiko la mkaa, sioni sababu.

Na usiuze mchanganyiko wako kama dizeli, hata kwa rafiki. Dizeli ya kituoni inawekwa vinasaba, yaani alama ya siri ya kuitambulia, tangu 2010, uchakachuaji unajulikana, na injini ya gari lake haina springi yako ya kupashia. Andika kwenye kila dumu, kwa rangi kubwa: MAFUTA YA MASHINE.

Kilichobaki kwenye jinzi

Yale mafuta yaliyoganda kwenye mguu wa suruali tunayafanyia sabuni ya kufulia. Yayeyushe, yatulize, ondoa maji, yapime kwa mzani. Kwa kila kilo 1, chukua kostiki gramu 120 na maji gramu 350. Mimina kostiki kwenye maji, kamwe usimimine maji kwenye kostiki, ukiwa umevaa glavu na miwani, nje penye hewa. Ikipoa ichanganye na mafuta, koroga mpaka iwe nzito kama uji wa mtoto, mimina kwenye boksi lililotandikwa nailoni. Ikate kesho yake, iache wiki 4 kivulini. Inatoka ya kahawia, na ndiyo ninayonawia mikono kila nikifunga mashine.